Taa ya moshi imewaka, lori imekata nguvu: angalia haya kabla hujanunua DPF

Taa ya injini imewaka, lori haipandi kilima kama zamani, unampigia fundi simu na hata hajaiona gari anakwambia DPF imeziba tafuta nyingine. Hapo ndo hela inapoanza kutoka. Ngoja kidogo. DPF, yaani chujio la moshi kwenye ekzosi, ni jalala tu la masizi, na jalala likijaa kila baada ya siku mbili huendi kugombana na jalala, unaenda kuangalia nani anamwaga taka zote hizo. Nimeona gari imefungwa DPF mpya kabisa afu baada ya wiki chache imerudi pale pale, manake injini ilikuwa inakunywa kulanti (maji ya kupozea injini) na hakuna aliyeangalia. Kwa hiyo humu ntaenda kwa dalili, we tafuta ya kwako uanzie hapo.

Moshi unavyosafiri ni hivi. Ukitoka kwenye silinda sehemu yake inachukuliwa na EGR (mfumo wa kurudisha moshi), inapozwa na kulanti halafu inarudishwa kwenye injini ili moto wa ndani upungue na gesi ya NOx isitoke nyingi. Unaobaki unazungusha tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), unaingia DOC ambayo inachoma mabaki ya dizeli na kaboni monoksaidi, unapita DPF inayokamata masizi, mbele kidogo unapuliziwa AdBlue (maji ya urea, wengine wanaita DEF, ni kitu kile kile), unaingia SCR ambako NOx inageuzwa kuwa naitrojeni na mvuke wa maji, ndo unatoka nje. Ni kama nyumba za bondeni, uchafu wa aliye juu unamshukia aliye chini, na kompyuta mara nyingi inampigia kelele wa chini wakati mkosaji yuko juu.

Kabla hujashika spana

Soma kodi zote, yaani namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, uziandike, usizifute kwanza. Mafundi wengi wanafuta ili "waone zipi zitarudi" na hapo umepoteza kumbukumbu ya kodi gani ilianza na gari ilikuwa kwenye hali gani. Kikija kishindo cha kodi sita kwa pamoja, mara nyingi moja ndo mama na tano ni watoto wake.

Mashine ndogo ya kupimia gari za kawaida haitoshi, malori makubwa mengi yanaongea lugha ya J1939 na kodi zake zina namba mbili, SPN inayosema kifaa gani na FMI inayosema kimekuwaje. SPN 3251 ni tofauti ya presha kwenye DPF, 3216 ni sensa ya NOx ya kabla ya SCR, 3226 ya baada ya SCR, 4364 ni ufanisi wa SCR, 3364 ni ubora wa AdBlue. Ile FMI watu wanaipuuza kumbe ndo yenye siri. Ukiona FMI 3, 4 au 5 hiyo ni habari ya umeme, yaani volti imezidi, volti imeshuka au waya umekatika, kwa hiyo shika mita upime waya, plagi na fyuzi kabla ya kununua sensa yoyote. FMI 18 ni nyingine kabisa, inasema kifaa kinasoma vizuri ila kile kinachosomwa kiko chini ya kiwango, hapo sasa ndo unatafuta ugonjwa wenyewe.

Na zungukia gari kwa macho, injini ikiwa imepoa. Angalia plagi zenye kutu, waya uliokaa karibu na ekzosi ukayeyuka, klampu zilizolegea, alama nyeusi za moshi kwenye maungio. Nusu saa hii haina gharama na imeokoa watu wengi.

Rijeni inarudia rudia

Rijeni ni ule mchakato wa gari kuchoma masizi yaliyojaa kwenye DPF. Ukiwa na mzigo kwenye barabara ndefu ekzosi inapata moto wa kutosha na masizi yanaungua taratibu yenyewe bila we kujua. Moto usipotosha kompyuta inaongeza dizeli kwenye ekzosi, DOC inaichoma, joto linafika kama nyuzi 550 hadi 600 na masizi yanageuka gesi. Sasa kama gari inaomba rijeni mara kwa mara, au unafanya ya kusimama (gari imepaki) leo na kesho inaomba tena, kuna mambo matatu: masizi yanazalishwa mengi mno, au hayaungui vizuri, au hakuna masizi ni sensa inadanganya.

Anza na muongo manake ndo rahisi. Sensa ya presha ya DPF ina vipira au vibomba viwili, kimoja kinatoka kabla ya DPF na kingine baada. Washa swichi bila kuwasha injini, soma kwenye mashine, lazima iseme sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisema kitu kingine hapo hakuna moshi wowote unaopita, kwa hiyo sensa ni mbovu. Ikisema sifuri sawa chomoa vibomba uvipulize, mara nyingi vimeziba masizi yaliyochanganyika na maji, au kipira kimepasuka kwa chini pale ambapo huoni, au aliyetengeneza mara ya mwisho amevigeuza. Kipira kidogo kama hicho kinaweza kukufanya ununue DPF, mi siongei kwa kukisia.

Sensa ikiwa nzima njoo kwenye kuungua. Fanya rijeni ya kusimama huku fundi anaangalia joto la kabla ya DOC na baada ya DOC. La kabla likishafika kama 250 mpaka 300 dizeli inaanza kuingizwa na la baada linatakiwa lipande vizuri kupita 500. Likigoma kupanda basi ama dizeli haifiki, ama DOC imekufa au uso wake umezibwa na masizi. Kwenye injini zenye nozeli ya pekee kwenye ekzosi hiyo nozeli inaziba sana, kuisafisha ni kazi ndogo. Kwenye zile zinazoongeza dizeli kupitia nozeli za kawaida za injini, angalia dipstiki: oili ikipanda na inanuka dizeli ujue rijeni zimekuwa nyingi au zinakatizwa njiani, dizeli inateleza ukutani mwa silinda na kushuka kwenye oili. Usiendelee kuendesha hivyo, oili nyepesi inaua beringi za injini na hapo bili inakuwa ya aina nyingine kabisa.

Afu kuna hawa wanaoanza rijeni na kuzima katikati kwa sababu wana haraka. Ukikatiza mara moja si neno, ukikatiza kila siku masizi yanapita kiwango na kompyuta inakataa hata rijeni ya lazima, manake masizi mengi yakishika moto kwa pamoja yanaweza kupasua DPF. Ikifika hapo inabidi itolewe isafishwe nje. Na unapofanya ya kusimama usipaki juu ya majani makavu wala karibu na kitu cha kuungua, ile ekzosi inatoa moto si mchezo.

Sasa wazalishaji wa masizi. Hewa kidogo au dizeli nyingi, ndo siri yote. Mpira wa intakula (kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo) uliopasuka, klampu ya tabo iliyolegea, chujio la hewa lililojaa, vyote vinapunguza hewa na masizi yanaongezeka mara dufu hata kama moshi mweusi hauuoni nje, huuoni kwa sababu DPF inaumeza. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya intakula, ingiza hewa kwa presha ndogo uone mapovu. EGR iliyokwama wazi nayo inanyima injini hewa, gari inakuwa nzito na sailensi (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka. Nozeli inayovuja inamwaga matone badala ya ukungu. Tabo inayopitisha oili inapaka DPF mafuta ambayo yanaacha majivu. Na kuacha gari ikiunguruma masaa mengi imesimama, hiyo peke yake inatosha kujaza DPF ya gari nzima kabisa, ekzosi haipati moto na masizi yanakuja tu.

Majivu ni habari tofauti na masizi na watu wanachanganya. Masizi yanaungua, majivu hayaungui hata ufanye rijeni mia. Yanatokana na madini yaliyomo kwenye oili kama kalsiamu na zinki, yanakusanyika taratibu kwa laki kadhaa za kilomita mpaka DPF itolewe isafishwe kwa mashine. Ndo maana oili ya injini hizi lazima iwe ya majivu kidogo, kwenye kopo tafuta alama kama API CK-4 au ACEA E8 (zamani E6), fuata kitabu cha gari yako. Oili ya bei rahisi isiyo na alama hizo unaokoa leo unalipa kesho. Dizeli yenye salfa nyingi ni hivyo hivyo, mifumo hii imetengenezwa kwa dizeli ya salfa isiyozidi 10 au 15 ppm (sehemu kwa milioni).

Kulanti inapungua na chini hakuna tone

Hii ndo naiogopa kuliko zote. Unaongeza kulanti kila baada ya siku chache, rejeta nzima, mipira mikavu, hakuna tone chini ya gari. Kinachofuata kukishuku ni kula (cooler) ya EGR, kile kifaa kinachopoza moshi kwa kulanti. Kimepasuka ndani na kulanti inanyonywa kwenye injini au inatiririka kwenye ekzosi. Dalili zake ni moshi mweupe wenye harufu tamutamu hasa ukiwasha asubuhi na presha kwenye tanki la kulanti inayopanda isivyo kawaida, na ukifungua bomba la EGR unakuta utelezi au unyevu badala ya masizi makavu.

Kupima: weka pampu ya presha kwenye mfumo wa kulanti ukiwa baridi, acha ikae hata usiku mzima, fungua bomba la EGR uangalie kama kuna unyevu. Geskiti ya hedi nayo inaweza kuleta dalili hizo hizo, kwa hiyo usihukumu kula kabla hujaona maji yenyewe.

Kwa nini naiogopa ni kwamba kulanti ikifika DOC na DPF inaacha utando usioungua, afu inaweza kuharibu kemikali za ndani moja kwa moja. Ukichelewa mwezi badala ya kubadilisha kula unabadilisha kula, DOC na DPF. Na ikiingia nyingi kwenye silinda wakati gari imezimwa, ukiwasha unaweza kupinda koneksheni rodi. Kwa hiyo kulanti ikianza kupotea bila sababu usisubiri taa iwake, taa itachelewa.

AdBlue: ubora, chumvi na kuhesabiwa siku

AdBlue ni urea asilimia 32.5, iliyobaki ni maji safi yaliyotolewa madini. Ni hayo tu. Ila kompyuta inaiheshimu sana, ikikuta tatizo inakupa onyo, inakata nguvu, na mwisho inakufungia mwendo, kwenye gari nyingi za Euro VI (kiwango cha moshi cha Ulaya) unabaki na kilomita 20 kwa saa na kuna za soko la Marekani zinazoshuka mpaka kama 8. Ikikuletea hesabu ya siku au masaa usiichukulie utani.

Meseji ya ubora mbaya ikija nunua au azima refraktomita ya AdBlue, kile kidude cha kuchungulia, weka tone uone kama kweli ni 32.5. Mtu akichanganya maji, au ikikaa kwenye joto kali muda mrefu (juani hata miezi sita ni mingi), kipimo kinaharibika. Ikisoma vibaya mwaga yote, suuza tanki kwa maji yasiyo na madini, jaza mpya. Maji ya bomba hapana, madini yake yanakwenda kukaa kwenye SCR.

Kosa baya zaidi ni dizeli kwenye tanki la AdBlue au kinyume chake. Ikitokea usiwashe hata swichi, manake pampu inaanza kuvuta. Dizeli inavimbisha mipira na sili zote za mfumo wa AdBlue, na tone moja linatosha kuwa na wasiwasi, chovya karatasi nyeupe kwenye tanki uone kama kuna utando wa mafuta juu. AdBlue kwenye dizeli inaua pampu na nozeli. Kumwaga tanki ni kazi ya siku moja ila kubadilisha mfumo mzima ni msiba.

Chumvi nyeupe kwenye maungio inamaanisha kuna uvujaji, kidogo tu kinatosha manake maji yanakauka urea inabaki. Osha kwa maji ya moto, inayeyuka, halafu tafuta sili au bomba linalovuja. Chumvi kwenye ncha ya nozeli ya AdBlue au ndani ya bomba la ekzosi inatokea sana kwenye gari za mwendo wa polepole, SCR inataka joto la kama nyuzi 200 kwenda juu na chini ya hapo urea inaganda kama jiwe. Fungua nozeli uioshe, afu omba kipimo cha kumwaga: inawekwa kwenye chupa yenye alama, mashine inaiamuru ipulize, unalinganisha ilichotoa na kinachotakiwa. Kipimo hiki ni cha dakika chache na kinaamua kama tatizo ni pampu na nozeli au ni SCR yenyewe.

Na hii madereva wengi hawaijui. Ukizima gari usikimbilie kukata swichi kuu ya betri. Pampu inabaki inafanya kazi dakika moja mbili kurudisha AdBlue kwenye tanki, utaisikia ikivuma. Ukikata umeme kabla haijamaliza AdBlue inabaki kwenye vibomba inakauka inaziba. Dereva anayefanya hivyo kila siku anaua pampu polepole na hakuna atakayemgundua.

Sensa ya NOx

Hapa nimeumia mwenyewe. Kodi ya sensa ya nyuma ikaja, nikabadilisha. Wiki moja ikarudi, nikabadilisha tena nikidhani ile ilikuwa feki. Fundi wa tatu ndo akalala chini ya gari na taa, akakuta klampu ya ekzosi imelegea na hewa ya nje inaingia kabla ya sensa, kwa hiyo ilikuwa inasoma hewa iliyochanganyika na kompyuta inaona hesabu hazilingani. Klampu moja! Sensa mbili nikazilipia bure na ile ya kwanza ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo sinunui bila kulinganisha. Injini ikiwa ya moto na SCR haijaanza kupuliziwa AdBlue, sensa ya mbele na ya nyuma zinatakiwa zisome karibu sawa. Zikipishana sana moja ni mbovu au kuna hewa inaingia. AdBlue ikianza kupulizwa ya nyuma inatakiwa ishuke kwa nguvu. Isiposhuka na kipimo cha kumwaga kilikuwa sawa, na AdBlue ni 32.5, basi sasa mshuku SCR. Sensa hizi zina hita ndani na kauri yake ikipigwa na maji ikiwa ya moto inapasuka, kwa hiyo ukiosha injini kwa presha acha ipoe kwanza. Boksi lake dogo na waya ni kitu kimoja na sensa, usikubali mtu akate waya aunge nyingine.

Masizi kwenye mdomo wa ekzosi

Fupi tu: pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Kwenye gari yenye DPF nzima kidole kinatoka karibu kisafi. Kikitoka cheusi tii, DPF imepasuka ndani au kuna mtu aliitoboa zamani na hukuambiwa. Ukinunua lori ya mtumba fanya hili kabla ya kuulizia bei.

Kuhusu hela

Mpangilio wa gharama kutoka chini kwenda juu ni karibu hivi: vipira, klampu na kusafisha plagi, halafu sensa ya presha na za joto, kusafisha DPF nje, sensa za NOx na nozeli ya AdBlue, pampu ya AdBlue, kula ya EGR pamoja na kazi yake, mwisho DOC, DPF na SCR. We pima kwa mpangilio huo huo. Na hesabu siku ambazo gari imekaa bila kubeba mzigo pamoja na kuvutwa, mara nyingi hiyo inazidi bei ya kifaa, kwa hiyo fundi rahisi anayekaa na gari wiki mbili si rahisi.

Kusafisha DPF kwanza kabla ya kununua, ila dai vipimo kwa maandishi: uzito kabla na baada, na mtiririko wa hewa kabla na baada. Asiyeweza kukupa hizo namba amepuliza kompresa tu. Kumwagia maji kwa mashine ya kuoshea magari kunaweza kuvunja kuta za ndani. Kifaa cha zamani usikiache gereji bure, DOC na DPF zimepakwa platinamu na paladiamu na chakavu chake kina bei, au muuzaji anakurudishia sehemu ya hela. Kabla ya yote uliza waranti, vifaa vya moshi vinaweza kuwa na waranti yake peke yake.

Kuna watakaokwambia ng'oa yote na ubadilishe programu. Nchi nyingi ni kosa la kisheria, ukaguzi unakushika, waranti inakufa na siku ya kuuza mnunuzi anapitisha kidole kama nilivyosema. Pia ile kula iliyopasuka au nozeli inayovuja inabaki pale pale, sasa tu hakuna taa ya kukwambia.

Ukishatengeneza fanya rijeni moja kamili mpaka mwisho, na kama DPF imesafishwa au ni mpya hakikisha kaunta ya majivu imerudishwa sifuri kwenye mashine, fundi akisahau kompyuta itaendelea kuamini DPF ni nzee na itakuwa inaomba rijeni bila sababu. Kama haijasafishwa usiirudishe, utakuwa unajidanganya. Afu pakia mzigo uendeshe angalau saa nzima barabara ya mwendo, rudi usome kodi tena pamoja na zile ambazo hazijawasha taa bado.